Kama Mnavyolala

Jumatatu, 16 Juni

Nimefika Mkunya saa kumi jioni na begi langu, sanduku la vipimo, na mtungi mwekundu unaofanana na ule wa kuzimia moto. Ndani ya mtungi kuna hewa ukaa. Dereva wa bodaboda aliyenitoa Newala mjini aliufunga mbele yake kwa mpira, akaendesha polepole kama aliyepakiza mtoto wa watu.

Kazi yangu nimeieleza mara tatu leo, kwa mtendaji, kwa mwenye nyumba niliyopanga na kwa huyo dereva, na kila mara nimeieleza vibaya. Naiandika hapa mara moja. Naingia chumba cha kulala. Nafungulia hewa ukaa kidogo, naikoroga kwa ungo ili ienee, natoka na kufunga mlango. Kipimo kinabaki ndani na kuandika kila dakika. Nahesabu dakika zinazopita mpaka ile hewa niliyoongeza ibaki nusu. Zikiwa saba au pungufu, chumba kinapumua. Zikizidi, hakipumui, na mgonjwa wa kifua kikuu akilala humo kila mtu anavuta pumzi yake. Nyumba kumi na mbili zenye hali mbaya kuliko zote zitatobolewa matundu ya hewa kabla ya mvua. Orodha inafungwa tarehe 15 Agosti.

Kuna baridi ambayo sikuitegemea. Masasi ni saa moja na nusu tu kutoka hapa na kwetu Lisekese watu bado wanakaa nje jioni.

Alhamisi, 19 Juni

Nimepewa mwenzangu wa kazi, Mama Mujibu, mhudumu wa afya wa jamii. Ana miaka hamsini na kitu, na sauti yake inafika mnakokwenda kabla yenu. Tukiwa bado mbali na nyumba ya kwanza watu wameshatoka mlangoni.

Nilitaka tuanze leo leo. Akanisimamisha njiani.

"Chumba cha kulala cha watu, mwanangu? Hata mimi kwa dada yangu siingii hivi hivi. Taarifa itangulie siku moja. Nitapita jioni niwaambie kesho mnaingiliwa na mgeni chumbani, basi kila mtu ajue."

Nilikubali. Chuoni tulifundishwa kuheshimu faragha. Nikaandika kwenye daftari la kazi: *taarifa siku moja kabla.* Nilijisikia mtaalamu.

Jumanne, 24 Juni

Ukungu mpaka saa nne. Nyumba nne. Dakika nne, sita, tano, tano.

Ijumaa, 27 Juni

Leo ilikuwa nyumba ya Mzee Dauda, ukingoni mwa kitongoji, pale njia ya kwenda kisimani inapopita karibu kabisa na ukuta. Ni nyumba ya tofali za kuchoma na bati, aliyoijenga kwa korosho. Anaishi na binti yake Shamila na mjukuu, Pili, wa miaka minne. Chumba cha kulala ni kimoja. Kingine kilianza kujengwa kikaishia kwenye lenta.

Nilimwamkia. "Marahaba, marahaba. Ndiye wewe mama wa hewa?" Akaukagua mtungi. "Humo mna nini?"

"Hewa ukaa, babu."

"Hewa inayokaa. Yaani ikiingia haitoki."

"Hapana, babu. Ukaa ni kutokana na mkaa. Ndiyo hiyo hiyo tunayoitoa tukipumua."

"Kwa hiyo umesafiri kutoka Masasi na mtungi kutuletea kitu ambacho tunacho cha bure." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akainama mpaka kikaisha. "Baridi ya huku hiyo," akasema.

Chumba kilikuwa kama kimeandaliwa kwa harusi. Sakafu ilinyunyiziwa maji ikafagiwa. Chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda. Harufu ya udi. Dirisha la ubao wazi kabisa na jua limelala katikati ya chumba. Pili alisimama mlangoni akasema, "Mama, chumbani kuna mwanga!" Shamila akamvuta mkono, na mimi nikacheka.

"Hivi ndivyo mnavyolala?" niliuliza, kama ninavyouliza kila mahali.

"Ndivyo tulalavyo," akasema Shamila.

Niliomba ungo, nikakoroga hewa. Mzee alikaa nje akimweleza Mama Mujibu kwamba amewahi kuona mtu akipeta mahindi, akaona mtu akipeta mbaazi, ila kupeta kitu kisichokuwepo ndiyo mara ya kwanza. Dakika tano. Nimeandika: *nzuri.*

Jumatano, 2 Julai

Nyumba tatu. Sita, nne, tano. Mama Mujibu ameongea njia nzima kuhusu meno ya kondoo dume wa shemeji yake. Sielewi mtu anawezaje kutembea kilomita sita bila kunyamaza hata mara moja.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Nimefua. Nguo hazikukauka.

Alhamisi, 10 Julai

Reginald amepiga simu. Ndiye msimamizi wangu, yuko Masasi, na huongea kama mtu anayesoma kutoka kwenye karatasi hata anapotania.

"Winfrida, nyumba zako ishirini na mbili na hakuna hata moja iliyofeli. Mkunya inapumua kuliko ofisi yangu. Mwenzako wa Chiungutwa amepata tisa mbovu katika kumi na tano."

"Labda ni upepo wa uwandani," nilisema. "Huku juu unavuma sana."

"Labda. Kama ni upepo, nyumba zote kumi na mbili za orodha zitatoka Chiungutwa. Mimi sina neno, namba ni namba."

Nilikata simu nikiwa na furaha kidogo, na siipendi furaha hiyo, kwa hiyo naiandika. Nilifurahi kwa sababu jedwali langu limenyooka.

Jumapili, 13 Julai

Nilikwenda nyumbani Lisekese jana, nimerudi leo. Nilibeba kipimo, nikapima chumba nilicholala utoto wangu wote. Mama aliposikia nataka kupima alikwenda kwanza kulivuta kabati lililoziba dirisha. Nikamwambia, "Mama, liache." Akaniangalia kana kwamba nimemwambia atoke sebuleni na kitenge cha jikoni mbele ya mchungaji. "Na wewe ukaandike nini huko? Kwamba kwa baba yako, Mwalimu Bernard, watu wanalala nyuma ya kabati?"

Akalivuta. Sikupima. Nilikula ming'oko, viazi pori vya kwetu, nikarudi Newala na gari la mchana. Nimekuwa na kitu kinanisumbua njia nzima na sijakipata ni nini.

Ijumaa, 18 Julai

Mikorosho imeanza kutoa maua na watu wanapulizia salfa, dawa ya unga wa njano, tangu alfajiri, wakati umande bado uko kwenye majani. Mashine zinaunguruma kila upande. Saa mbili asubuhi wanaume wanarudi njano kope na masikio. Nimeona ukutani, katika nyumba mbili nilizopima leo, alama ya njano yenye pembe nne, kuanzia sakafuni hadi chini ya dirisha. Ukubwa wa gunia, au wa magunia yaliyopangwa. Chumbani hakukuwa na gunia.

Jumatatu, 21 Julai

Niandike polepole.

Asubuhi niliamua kuutafuta waya wa kuchajia kipimo uliobaki mahali. Nilihesabu nyumba nyuma mpaka nikafika kwa Mzee Dauda. Shamila alikuwa ameniruhusu kuuchomeka kwenye sola yao ile Ijumaa ya Juni, na tangu hapo nimekuwa nikitumia waya wa akiba. Mama Mujibu alikuwa kliniki. Nilikwenda peke yangu, bila taarifa, kwa sababu nilikuwa nafuata waya tu.

Nilipiga hodi mara tatu. Pili ndiye aliyefungua. Akanishika kidole moja kwa moja mpaka chumbani, maana kwake mimi ni mtu wa chumbani.

Kulikuwa na giza. Nilisimama mpaka macho yakazoea. Magunia ya salfa yalikuwa yamepangwa ukutani mpaka kwenye fremu ya dirisha, na dirisha lenyewe limefungwa, na kwenye kila upenyo wa mbao limeshindiliwa vitambaa. Chini ya mlango kuna kiroba kilichokunjwa. Hewa ilikuwa nzito na yenye uvuguvugu kama ya ndani ya blanketi. Mzee Dauda alikuwa kitandani, ameegemea ukuta, anakohoa ndani ya shuka aliloshindilia mdomoni ili sauti isitoke. Mkeka wa Shamila na Pili ulikuwa umetandikwa pale chini, hatua mbili kutoka kwake. Juu ya gunia la mwisho, kikombe cha maji na karatasi ya vidonge vyekundu. Vidonge hivyo navifahamu. Tulivisoma muhula mzima.

Shamila aliingia kutoka uani, mikono ina unga. Hakunikaripia. Ingekuwa afadhali.

"Dada Winfrida. Hukusema unakuja."

"Nisamehe. Nimefuata waya."

Akaushusha waya kutoka msumarini, akaufuta kwa kanga yake kabla ya kunipa. Mzee akasema kutoka kitandani, kwa sauti ndogo, "Leo umetukuta tulivyo." Nikatoka kinyumenyume.

Nimekaa na jedwali langu mchana kutwa. Nyumba thelathini na moja, na chumba nilichopima kila mahali ni chumba cha mgeni. Walihamisha magunia, wakazibua vitambaa, wakafukiza udi, kwa sababu jioni iliyotangulia sauti kubwa kuliko zote kata nzima iliwaambia mgeni anaingia chumbani. Hakuna aliyenidanganya. Mama alifanya vile vile na kabati lake.

Nyumba ya Mzee Dauda imeandikwa dakika tano, nzuri, kwa mwandiko wangu, na kwa mwandiko huo haitapata tundu. Pili ataendelea kulala hatua mbili kutoka kwenye kikohozi kile mpaka mvua ziishe.

Jumanne, 22 Julai

Nimemwambia Mama Mujibu. Hakushangaa hata kidogo, na hapo ndipo nilipokasirika.

"Ulijua?"

"Kwamba watu husafisha chumba mgeni akija? Mwanangu, hilo nani halijui?"

"Na vidonge?"

Akasimama njiani. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alishusha sauti mpaka nikalazimika kuinama. "Vidonge gani? Wewe hukuona vidonge. Mimi hupita pale kila siku kuchuma kisamvu. Umenielewa? Kisamvu. Na mtoto amepimwa, hana kitu, anapewa dawa za kinga. Kinachonikosesha raha ni chumba. Nimesema fungueni dirisha mpaka nimechoka."

Nikamtazama mwanamke huyu niliyemwandika hapa kama redio isiyozimwa. Amekuwa akimpelekea Mzee dawa karibu mwezi mzima na mimi nikitembea naye kila siku, na katika maneno yote yale halikuponyoka hata moja.

Nikasema basi tuanze upya, nyumba zote, bila taarifa.

"Utakwenda peke yako," akasema, sauti ikiwa imerudi. "Nyumba ya kwanza utafunguliwa. Ya pili utaambiwa wenyewe wako shamba, na utawasikia wakipumua nyuma ya mlango. Ya tatu watakuwa wameshapigiana simu. Halafu wewe utarudi Masasi, mimi nitabaki nikipiga hodi kwa watu ambao nimewavua nguo."

Jumatano, 23 Julai

Nimempigia Reginald. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, na nikayasoma mpaka mwisho bila kupumzika: vipimo vyote thelathini na moja havifai, kosa ni langu, naomba nirudie.

Akapiga hesabu. "Wiki tano, Winfrida. Una wiki tatu. Na mkataba wako wa awamu ya pili unategemea kazi hii hii. Ungeweza kuniletea kama zilivyo, nisingejua."

"Najua usingejua."

"Utapimaje safari hii?"

Nilisema nitamwambia kesho.

Alhamisi, 24 Julai

Jibu amelitoa Mama Mujibu, tukiwa tumeketi kwake, anapepeta mbaazi na mimi nachambua vibaya.

"Hivi hicho kidude lazima ukae nacho?"

"Kikiwashwa kinaandika chenyewe. Ila lazima nije na mtungi, nifungulie hewa."

"Ulimwambia Mzee Dauda hewa hiyo hiyo watu wanaitoa wakilala."

Nikaacha mbaazi.

"Basi wewe usije," akasema. "Nakibeba mimi kwenye kikapu, nakiacha kwenye rafu, naondoka. Siku mbili. Nawaambia hamhamishi kitu, hamfagii, nani atakayeona? Kidude siyo mgeni. Hakili, hakisalimiwi, hakina macho ya kwenda kusema kwao."

Ni sahihi kabisa. Watu wakilala, pumzi zao zinakijaza chumba zenyewe. Alfajiri wote wanatoka, wanafunga mlango, wanaacha kila kitu kilivyo kwa saa moja na nusu, na nahesabu zile zile dakika za kubaki nusu. Nina vipimo vitatu. Siku mbili kila nyumba. Zitatosha kwa nyumba thelathini na moja, kwa kubanana sana. Nilisoma miaka minne na sikuwaza kwamba mtu anayepaswa kutoka chumbani ni mimi.

Jumapili, 27 Julai

Vitatu vya kwanza vimerudi. Dakika ishirini na nane. Dakika thelathini na tatu. Cha tatu kinaonyesha hewa safi siku zote mbili, kama kilikuwa porini. Mama Mujibu alikwenda kuuliza. Bibi mwenye nyumba alikihamishia sebuleni, akakiweka juu ya meza, akakifunika kitambaa alichofuma mwenyewe. "Kimetoka mbali," alisema, "sikuweza kukilaza chumbani na vumbi lile." Kimerudishwa. Amepewa somo, na sisi tumepewa mihogo.

Jumatano, 30 Julai

Arobaini. Kumi na nane. Sita. Hiyo ya dakika sita ni nyumba ya udongo ya mjane mmoja, paa la nyasi, ambayo wajukuu zake wanamsihi aibomoe. Upepo unapita kati ya ukuta na paa pande zote nne. Nyumba za tofali na bati, zile ambazo watu wanazionea fahari, ndizo zinazoshika pumzi. Baba yangu alijenga yetu mwaka niliozaliwa, na bado anaisimulia tofali kwa tofali.

Jumapili, 3 Agosti

Kipimo cha kwa Mzee Dauda: dakika arobaini na sita. Hewa ya chumba kile inabadilika chini ya mara moja kwa saa. Ndiyo mbaya kuliko zote tulizonazo mpaka leo.

Taarifa imetangulia jana, nami nimekwenda pamoja na Mama Mujibu kumwambia kwamba nyumba yake huenda ikaingia kwenye orodha. Nilidhani atafurahi. Alikuwa nje juani, amejifunga koti. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hapana."

"Babu, ni bure. Fundi atakuja mwenyewe."

"Nimesikia. Hapana."

"Ni kwa ajili ya baridi?" nikauliza. "Matundu yatakuwa juu, hayatapiga kitandani. Au wezi wa salfa? Tutaweka nondo."

"Huyu binti anajijibu mwenyewe," alimwambia Mama Mujibu. Shamila alikuwa amekaa kizingitini anamsuka Pili. Bila kuinua macho akasema, "Baba, mwambie. Ameshaona."

Wanawake wawili walipita njiani na ndoo zao, wakasalimia, akaitikia kwa kuchangamka kabisa, akawatania kwamba maji yao yamepungua. Walipopotelea kwenye kona ndipo alipokohoa, kikohozi kirefu alichokuwa amekizuia muda wote ule. Niliona jasho kwenye paji la uso.

"Unaona hiyo njia?" akasema. "Kitongoji kizima kinapita hapo. Dirisha langu liko hapo, hatua tatu. Nikilifungua, asubuhi wanahesabu nimekohoa mara ngapi. Wiki ijayo mtoto huyu hachezi na mtu. Mwezi ujao Shamila akiuza maandazi hanunui mtu. Mimi si mjinga, mama wa hewa. Sikuziba hewa. Nimeziba sauti."

Katika fomu yangu kuna swali: *Sababu ya kufunga dirisha.* Majibu ni matano, na niliyasoma kwa sauti katika nyumba thelathini na moja: baridi, wezi, mbu, vumbi, mengineyo. Nimekuwa nikitia alama kwenye baridi kwa sababu wote walisema baridi.

"Upande wa pili wa chumba kuna nini?" niliuliza.

"Mihogo," akasema Shamila. "Mihogo tupu, mpaka korongoni. Hapiti mtu."

"Na tundu la huko, juu kabisa, chini ya bati? Na jingine dogo juu ya mlango wa ndani ili hewa ipate pa kuingilia. Dirisha la njiani libaki limezibwa kama lilivyo."

Mzee akamtazama Mama Mujibu. "Watu wataniuliza kwa nini natobolewa nyumba."

"Watatobolewa kumi na wawili," akasema Mama Mujibu, kwa sauti yake yote, ili kama kuna mtu kwenye mihogo naye asikie. "Ni mambo ya nyumba za bati haya, siyo ya mtu. Kwa mwenyekiti nako ni dakika arobaini. Utamzidi nini mwenyekiti?"

"Dakika sita," nikasema, na nikatamani ningenyamaza. Lakini Mzee alicheka.

"Nimemzidi mwenyekiti," akasema. Hakusema ndiyo. Alisema atawaza.

Jumatano, 6 Agosti

Nyumba kumi na saba zimekamilika. Mafua. Sauti imenikauka na Mama Mujibu anasema hatimaye tuko sawasawa, yeye anaongea kwa niaba ya wote wawili. Nimegundua kwamba akinyamaza njiani, huwa anatoka kwa mgonjwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Hakuna kazi. Mzee Dauda bado anawaza.

Jumanne, 12 Agosti

Ameridhia. Alimtuma Pili aje aniambie, na Pili ameujumlisha ujumbe wote katika neno moja, alilolisema mlangoni na kukimbia: "Toboeni!"

Ijumaa, 15 Agosti

Nimetuma orodha saa tano asubuhi. Nyumba tisa kati ya kumi na mbili ni zangu sasa, na tatu za Chiungutwa. Ya kwanza juu ni ya Mzee Dauda. Sikuandika jina la ugonjwa mahali popote, dakika tu.

Reginald alipiga jioni. Alisema amesoma maelezo yangu ya kosa, kurasa mbili, na kwamba mwenzangu wa Chiungutwa naye alikuwa akitanguliza taarifa. Amemwamuru arudie nyumba sita alizoziona nzuri. Kuhusu mkataba wangu alisema ataniambia mwezi ujao. "Ila kurasa mbili, Winfrida. Kosa lenyewe ni neno moja. *Mgeni.*"

Jumatano, 20 Agosti

Fundi Zabroni ameanza. Anagonga tofali kwa upole wa ajabu kwa mtu mwenye mikono ile. Nyumba mbili kwa siku. Kwa mwenyekiti tulicheleweshwa kwa hotuba.

Jumanne, 26 Agosti

Kwa Mzee Dauda, siku ya mwisho.

Zabroni alimaliza jana: tundu pana chini ya bati upande wa mihogo, lina wavu na nondo, na jingine juu ya mlango wa ndani. Kwa nje, kutoka njiani, nyumba haijabadilika kitu. Safari hii nilikuja na mtungi na nikaomba ungo, kwa kuwa magunia yako palepale, vitambaa viko palepale dirishani, hata kikombe kiko juu ya gunia. Shamila hakufagia. Nadhani ni heshima kubwa kuliko udi.

Nilifungulia hewa, nikapeta, nikatoka. Tulikaa uani tukingoja. Kwenye kioo kidogo namba zilikuwa zinashuka. Dakika ya sita ilibaki nusu. Niliwaonyesha. Pili akauliza nusu nyingine imekwenda wapi, Shamila akamwambia imekwenda kwenye mihogo.

"Sawa," akasema Mzee Dauda. Amenenepa kidogo usoni tangu Julai. "Wewe umepima chako. Na mimi nina kipimo changu. Nendeni wote njiani, msimame pale wanapopita na ndoo. Mimi naingia ndani nakohoa."

Tulikwenda. Shamila, Mama Mujibu na mimi, na Pili mgongoni kwa mama yake. Tulisimama hatua tatu kutoka kwenye ukuta, kama watu wanaongoja gari. Upepo ulikuwa unatoka korongoni, unapita kwenye mihogo na kuja kwetu.

Nilikisikia. Kilikuwa chepesi, kama cha mtu wa nyumba ya nne, lakini nilikisikia, na kingine, na cha tatu. Shamila alikuwa anatazama chini. Mama Mujibu alinitazama mimi, muda mrefu, na nikajua ananiuliza kama tutasema tumesikia. Mimi ndiye niliyempigia Reginald na kubatilisha nyumba thelathini na moja. Mzee alikuwa anangoja ndani, na kando ya mlango, ndani ya beseni, nilikuwa nimeona rundo la vitambaa vingine, safi, vimekunjwa tayari kuziba tundu jipya.

Sikufungua mdomo.

Mama Mujibu akajaza kifua. "Baba Shamila eee! Anza basi! Tumesimama kama minazi huku!"

Kisha kutoka ndani ya nyumba kikaja kicheko, kirefu kuliko kikohozi chochote nilichowahi kumsikia. "Nimeshakohoa mara tatu, wanawake nyie!"

"Wapi! Labda umekohoa moyoni!"

Alitoka akajishika fremu ya mlango, bado anacheka. Akalichukua lile beseni, akampa Shamila. "Haya kamtengenezee mtoto mdoli," akasema.

Nimejaza fomu ya mwisho hapa mezani kwangu. Kubaki nusu: dakika sita. Ni kweli, na ningeweza kurudia kesho nikapata hiyo hiyo. Kuhusu sauti fomu haina swali, na sikuandika kitu pembeni.